Karatasi Kabla ya Mchoro

Sisi tuliosomea ualimu tulizoezwa kwamba somo huanza kabla ya kengele kulia. Kila jioni tulishika rula tukapiga mistari ya karatasi ya matayarisho: tarehe, darasa, somo, lengo, vifaa, maswali. Mkufunzi wetu hakuvumilia hata safu moja iliyopinda. Miaka zaidi ya 30 imepita, na hapa Buleusa tungali tunaipiga mistari hiyo kwa mkono, kwa darasa na kwa mafundisho ya wakatekumeni. Basi mtoto wa ndugu yetu alipokuja kutoka Goma akatuambia kwamba ameifundisha kompyuta yake kumtayarishia karatasi, tulimjibu kwa haraka isiyolingana na umri wetu: "Mwanangu, huo ni uvivu."

Hakukasirika. "Baba mkubwa, keti kwanza, uone."

Kijana huyo huchora tekstura, yaani picha bapa zinazovikwa maumbo ya filamu za katuni na michezo ya kompyuta, kama mto unavyovikwa foronya. Nyumba isiyo na tekstura ni sanduku la kijivu tu; tekstura ndiyo inayoipa udongo, nyufa na masizi ya moshi. Alikuja kupiga picha kuta zetu za udongo na mikeka yetu, ili achore kutokana nazo. Baadhi ya nyumba alizozijua utotoni hazikuwapo tena, kwa maana watu wamekimbia na kurudi mara nyingi, na nyumba haimngojei aliyekimbia. Alikuwa na haraka ya kuzipata zilizosalia. Mteja naye alikuwa akingoja, na malipo yake yalikwisha kupangiwa karo ya wadogo zake.

Alituonyesha kwanza njia ya mkono. Kabla ya kuchora ufa mmoja, sharti afungue ukurasa mpya na kuandika kipimo chake. Mara nyingi ni pikseli 512, 1024 au 2048 kila upande, kwa sababu mchezo huipunguza picha nusu kwa nusu kadiri ukuta unavyokuwa mbali na mtazamaji, hadi ibaki nukta moja. Kisha hupanga matabaka: moja la rangi, moja la kuonyesha palipo laini na palipokwaruza, moja la mabonde na miinuko. Hilo la mwisho haliwezi kuanza likiwa jeupe. Huanza na rangi ya samawati iliyoelekea zambarau, nyekundu 128, kijani 128, buluu 255, ambayo maana yake ni kwamba hapa bado ni tambarare. Kila tabaka hupewa jina, ukurasa huhifadhiwa, na ukuta wa pili huanza upya vilevile. Wakati huo wote betri ya sola inapungua, na hakuna kilichochorwa.

Programu anayotumia ni GIMP, isiyouzwa, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Ndani yake mna Script-Fu, njia ya kuandika amri hizo zote mara moja katika skripti, zikatekelezwa kwa kubonyeza tu. Amri huandikwa kwa lugha ya Scheme, iliyojaa mabano, na kila bano lililofunguliwa lazima lifungwe. Hilo, tukiri, lilitupendeza.

Ila kuna jambo lililokuwa likimsumbua. Alikwisha kuchora kuta 16, na zilipopangwa kando kwa kando na juu kwa juu, kama ukuta mrefu unavyotaka, mchezo ulizikataa au ukazififisha. Alichunguza michoro siku mbili. Tukamwomba atusomee skripti polepole, kama tunavyosahihisha imla. Hatukuelewa maneno, lakini tarakimu tunazijua. Upana 2048. Urefu 2084.

"Rudia hapo," tukasema.

Alinyamaza kitambo. Jicho haliwezi kuiona tofauti ya pikseli 36 katika picha kubwa hivyo, na kompyuta haikuuliza lolote. Ilitii kosa lile mara 16 kwa unyofu uleule. Kama angeandika kwa mkono kila mara, pengine angekosea mara moja tu. Tulifikiri kulisema hilo, tukaliacha. Kukata pikseli 36 kulivunja mahali ambapo ukingo wa juu hukutana na ule wa chini, kwa hiyo alilazimika kuunga upya nyufa za kuta zote, moja baada ya nyingine, usiku na mchana, kadiri jua lilivyoruhusu.

Skripti yenyewe aliitengeneza kwa dakika chache. Sasa kipimo kimeandikwa mahali pamoja, kwa jina la Kiswahili, *upande*, na upana na urefu vyote viwili hukichukua hapo. Alituomba tuisome tena kabla hajaihifadhi. Tuliisoma mara mbili, kidole kikifuata mabano.

Jioni ile tulichukua rula yetu tukapiga mistari ya somo la kesho. Yeye aliketi kando, akiunga ufa wa jiko la nyanya yake, mpaka betri ikazima.