Korongo na Kwao

Wahenga wetu walisema: mkataa kwao mtumwa. Methali hii ni nzito, na mtu aliyehama Tanzania akafanya kazi miaka mingi katika nchi ya Wajerumani huisikia masikioni mwake hata pale ambapo hakuna aliyeitamka. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha huko. Kila mwaka, majira ya kuchipua yanapokaribia kwisha, nakwenda Rühstädt, kijiji kidogo kilichomo katika hifadhi ya bonde la mto Elbe, kutazama korongo weupe waliotaga juu ya mapaa ya nyumba. Nakwenda kutazama ndege. Aghalabu narudi na swali la mtu.

Korongo huyu si ndege wa kujificha. Ni mrefu, mweupe, mwenye weusi nyuma ya mabawa, na wekundu wa mdomo na miguu. Hujenga tundu lake juu ya paa, dohani au nguzo, na wanakijiji humwekea msingi wa kujengea. Tundu lake halitupwi. Mwaka hata mwaka huongezwa vijiti, mpaka pengine likawa na uzito wa mamia ya kilo. Dume hutangulia kuwasili, akalishika, jike hufuata. Wakikutana hulaza vichwa nyuma mpaka utosi ukagusa mgongo, wakagonganisha midomo yao, kwa kuwa korongo mzima hana wimbo. Sauti yake ni kama ya vijiti vikavu vinavyopigwa upesi upesi. Mayai, mara nyingi manne, hulaliwa kwa zamu na baba na mama muda wa siku 33 hivi. Mwishoni mwa Mei makinda huwa wamekwisha kuanguliwa. Wazazi huwatapikia nyungunyungu, vyura na panzi, na siku za joto huwaletea maji. Katika mwaka wa chakula haba, mzazi huweza kumtupa nje kinda aliye dhaifu. Nimeliona jambo hilo mara moja kwa darubini, na siku ile sikusema neno mpaka jioni.

Mwaka jana nilifuatana na binti yangu wa miaka tisa, aliyezaliwa huku. Alitazama kitambo, kisha akauliza, "Baba, hawa kwao ni wapi?" Kabla sijajibu akaongeza, "Maana bibi anasema wako kwake."

Bibi yake, mama yangu mzazi, anakaa upande wa Arusha. Miaka mingine, mwezi wa Desemba, hutupasha habari kwa simu kwamba korongo wameshuka mashambani kula viwavi, halafu, bila kubadili sauti, huuliza, "Na wewe utarudi lini, mwanangu?"

Mama asema kweli juu ya korongo. Wale wa upande wa mashariki wa Ujerumani huondoka mwezi wa Agosti. Hupita mlango wa bahari wa Bosporus, wakashuka nchi za Sham na Sinai, wakafuata Nile mpaka Sudan, na wengi wakaendelea Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Hawakati bahari pana, kwa sababu hupaa kwa msaada wa hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya bahari hewa hiyo ni haba. Vijana wengi hutangulia wazazi wao, na wengi wao hawarudi Ulaya mwaka wa kwanza. Hubaki Afrika mpaka wamekomaa.

Zamani wataalamu wa Ulaya hawakuyajua hayo. Wengine walidhani kwamba ndege hujificha matopeni wakati wa baridi. Mwaka 1822, karibu na Klütz, kaskazini ya Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mkuki shingoni, wa urefu wa sentimita 80 hivi, uliotengenezwa Afrika. Alikuwa amechomwa kule, akaruka nao mpaka huku. Leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Wapo wanaotabasamu wakiiona picha yake; mimi siwezi. Ndege yule alijeruhiwa upande mmoja, akauawa upande wa pili, na pande zote mbili zilikuwa kwake.

Katika kazi yangu hii alinitangulia Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na ambaye maandishi yake yamo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903. Alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alitaka kurejea kwao pamoja na mkewe, serikali ya kikoloni ikawazuia, wakarudi Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927. Je, huyu alikataa kwao? La, alikataliwa. Methali yetu inamtaja mkataa. Haimtaji mkataliwa, wala mtu ambaye kwao ni pawili.

Walakini sitaki kujifariji kwa korongo kupita kiasi. Mkataba wangu wa kazi unakwisha mwaka huu, na barua ya kuuongeza inangoja sahihi yangu mezani. Mama yangu ana miaka 78. Korongo huondoka kwa kuitwa na majira, na hana mama anayemwuliza atarudi lini. Kinda akikwisha kuruka, deni limekwisha. Mwanadamu deni lake huanza hapo. Hapa mfano unakatika, na anayeuvuta zaidi anatafuta udhuru.

Lakini jambo moja nimelichukua Rühstädt, nami namwachia msomaji alipime. Tundu lile kubwa halidumu kwa sababu ndege hakuliacha. Huliacha kila mwaka. Hudumu kwa sababu kila arudiye huja na kijiti mdomoni. Kwao mtu, basi, ni pale anapoongeza kijiti, na anayekaa miaka yote bila kuongeza kitu naye amekataa kwao. Mama nimekwisha kumjibu: Desemba tutakuja, mimi na mjukuu wake, si kwa wiki mbili za wageni, bali kwa mwaka mzima. Barua iliyo mezani itangoja.