Mama Yake Alikuwepo Mahakamani

Wageni walioanza kumiminika Romania mwaka 1990 kutafuta watoto wa kuasili walikuja wakiamini kwamba watoto wale walikuwa mayatima. Televisheni za kwao ziliwaonyesha vyumba vya vitanda vya chuma na watoto waliokonda, na watu wenye huruma wakapanda ndege. Mimi nilikuwa Bucharest wakati huo, binti wa Tanga niliyekwenda kusomea udaktari kwa ufadhili wa masomo. Nilikuwa nimekwishazoea Kiromania, na Kiingereza nilikwenda nacho, kwa hiyo nilipata vibarua vya ukalimani. Ninayoyasimulia hapa ni ya mtoto mmoja. Yeye mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima, ndiye aliyeniomba niyaandike.

Lazima ielezwe kwanza watoto wale walitoka wapi. Oktoba 1966 Nicolae Ceaușescu alitoa Amri namba 770 iliyopiga marufuku kutoa mimba, isipokuwa kwa wanawake wachache, kama waliokwisha kuzaa watoto wanne. Baadaye wanne wakawa watano. Dawa za kuzuia mimba zikawa hazipatikani. Kisha ikaja miaka ya themanini, Ceaușescu akaamua kulipa madeni yote ya nje, chakula kikauzwa ng'ambo na wananchi wakapewa sukari, mafuta na mkate kwa mgawo. Nyumba hazikupata joto la kutosha wakati wa baridi. Bwenini tulilala na makoti. Mwanamke aliamriwa azae na hakupewa cha kumlisha mtoto. Aliposhindwa, aliambiwa amlete kwenye nyumba za serikali, kwamba serikali itamlea vizuri kuliko yeye. Yalipotokea mapinduzi na Ceaușescu na mkewe wakapigwa risasi tarehe 25 Desemba 1989, milango ya nyumba zile ilifunguliwa, na hesabu iliyotajwa sana ikawa watoto 100,000 hivi. Walio wengi walikuwa na mzazi aliye hai.

Mume na mke niliowafanyia kazi walitoka kaskazini mwa Uingereza. Yeye mwalimu, mkewe muuguzi, wamehangaika miaka mingi bila kupata mtoto. Walifika majira ya majani kupukutika, miezi michache baada ya sheria mpya, Sheria namba 11 ya 1990, kuweka suala la kuasili mikononi mwa mahakama. Kabla yao nilikuwa nimekwishaona mengi yasiyopendeza. Kwenye kumbi za hoteli walikaa madalali wenye orodha za watoto mifukoni, na bei ilitajwa kwa dola. Kwenye ofisi, karatasi haikusogea mpaka pakiti za sigara za Kent ziwekwe mezani. Kent ilikuwa fedha kamili nchini mle. Hawa wawili walikataa madalali. Walipewa jina la mji mmoja wa mkoa wa Moldova, kaskazini-mashariki, tukapanda treni pale stesheni ya Gara de Nord.

Nyumba tuliyoikuta ilikuwa ya watoto wa chini ya miaka mitatu. Nilikuwa nimekwishapita wodi za watoto, lakini chumba kile nilikiingia nikasimama. Watoto walikuwa zaidi ya ishirini na hakukuwa na kilio. Mtoto analia akijua kuna atakayekuja, na wale walikuwa wameacha. Wengine walijitikisa mbele na nyuma, saa nzima, wakitazama ukuta. Chupa za maziwa ziliegemezwa kwenye mito, kila mtoto anyonye peke yake. Chupa ikianguka, shibe yake ndiyo hiyo. Walezi walikuwa wawili. Sikuwaona kuwa watu wabaya. Mmoja alikuwa na mikono iliyopasuka kwa kufua nepi kwa maji baridi, na alijua jina la kila mtoto.

Yule mvulana alikuwa na miezi kumi, na uzito wake ulikuwa wa mtoto wa miezi minne. Kisogo kilikuwa bapa kwa kulazwa chali siku zote. Mama yule Mwingereza aliinama kumchukua, naye hakunyoosha mikono. Mtoto aliyezoea kubebwa humuona mtu akiinama na mikono hujiinukia yenyewe. Yeye alimtazama tu, kisha akatazama taa. Alipoinuliwa alikakamaa mwili mzima. Nilikuwa na kanga begani, nikamwomba mama yule ageuke, nikamfunga mtoto mgongoni mwake jinsi ya kwetu. Alikaa vile vile amekakamaa kwa muda mrefu, tukizunguka ukumbini, mpaka shavu likaanguka na kutulia kwenye bega la yule mama. Walezi walikuja mlangoni kutazama.

Kabla ya jambo lolote tulimpeleka kupimwa damu. Wakati huo watoto wengi wa nyumba zile na wa hospitali walikuwa wameambukizwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini, kwa sababu ya sindano zilizorudiwa bila kuchemshwa ipasavyo na ule mtindo wa kuwatia watoto dhaifu damu kidogo kidogo ati wapate nguvu. Majibu yake yalikuja salama. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kwa Kiswahili, na hakuna aliyeuliza nimesema nini.

Sheria ilitaka idhini ya mzazi, basi tukakodi gari, Dacia, na dereva wake, tukaenda kumtafuta mama. Kijiji kilikuwa tope tupu. Tulimkuta uani anakata kuni, mwanamke asiyefika miaka thelathini, na watoto wanne wanamchungulia kutoka mlangoni. Mume alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi na hakuwa ameleta habari. Alipojua tumekuja kwa ajili ya nani aliweka shoka chini, akaingia ndani, akarudi amevaa kitambaa kingine kichwani, kile cha kanisani. Akatukaribisha. Alituwekea mezani mkate na mafuta ya nguruwe yenye chumvi, nami kwa dini yangu nikala mkate, akanielewa bila maneno.

Alitueleza kwamba mtoto alizaliwa njiti, hospitali ikamzuia, kisha ikampeleka ile nyumba. Alikwenda kumwona mara mbili. Nauli ya basi ilimshinda, na mara ya pili aliambiwa asimzoeshe mtoto, atamsumbua. Nikatafsiri. Mama Mwingereza akauliza kama alimtaka mtoto wake arudi. Yule mwanamke alitazama wanawe wanne, akaniambia, "Binti, waulize, wakiondoka leo na nikisema namtaka, nani ataniletea maziwa?"

Swali hilo ndilo lililobaki nami. Nauli za ndege, hoteli, wanasheria, mihuri, vyote vile vingemnunulia ng'ombe na kuni za miaka mingi. Fedha ilikuwapo ya kumtoa mtoto nchini, wala hakuna ofisi Romania nzima iliyokuwa na fedha ya kumrudisha kwa mama yake umbali wa saa mbili kwa gari. Siwalaumu wale wawili. Walimkuta mtoto anakufa polepole, wakamtoa. Nalaumu mpango mzima ulioanzia mahali pa kumpokonya mwanamke hiari yake na ukaishia mahali pa kumwomba saini.

Mahakamani mama mzazi alikuja kwa miguu mpaka barabara kuu, kisha basi. Jaji alimuuliza kama anatoa idhini kwa hiari. Nilikuwa nimekaa kati ya wale wageni nikiwanong'oneza. Alisema: "Natoa ili atoke pale. Iandikwe kwamba simtupi." Jaji alimwambia hilo haliandikwi, kinachoandikwa ni ndiyo au hapana. Akasema ndiyo. Nje aliwaomba mambo mawili: jina la ubatizo lisiondolewe, na picha kila mwaka. Kwetu pwani mtoto hulelewa na shangazi, na bibi, hata na jirani, lakini nasaba yake haiguswi, na dini yetu imelisema hilo waziwazi. Nilipoona hati mpya ya kuzaliwa ikiwa na majina ya Waingereza mahali pa baba na mama, moyo wangu ulikataa. Jina la ubatizo lilibaki.

Kutoka hapo yakabaki mambo ya pasipoti, viza na foleni za ubalozi kwenye theluji. Niliwasindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Otopeni. Mtoto alikuwa amekwishaanza kulia akitaka kitu, kilio kikali cha hasira, na abiria waligeuka kwa kero. Mimi nilifurahi kuliko nilivyofurahia cheti changu.

Julai 1991 Romania ilisimamisha uasili ule wa kwenda nje; watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamekwishaondoka. Mwaka 2000 wanasayansi Nelson, Fox na Zeanah walianza utafiti Bucharest kwa watoto 136 wa nyumba kama zile, na wakaona waliopelekwa kwenye familia kabla ya kutimiza kama miaka miwili waliinuka vizuri kuliko waliochelewa. Walipelekwa kwa familia za kulea za humo humo Romania. Nchi hiyo baadaye ilifunga mlango kwa wageni, na kwa miaka kadhaa walioruhusiwa kutoka nje ni babu na bibi wa mtoto tu. Kenya nayo ilisimamisha watoto kuasiliwa na wageni mwaka 2014, na watu wengi walilalamika. Mimi sikulalamika, mradi fedha ifike kwa akina mama.

Nilirudi nyumbani nikiwa daktari. Barua za Uingereza zikaja Tanga, nikazitafsiri, nikazipeleka Romania zikiwa na picha: mtoto na baiskeli, mtoto na sare ya shule. Wale wawili hawakukosa mwaka hata mmoja. Kisha bahasha zikaanza kurudi, mama akiwa amehama.

Kijana alimpata mama yake mzazi kupitia binamu kwenye Facebook. Alikwenda na mama yake aliyemlea, na wakanipigia kwa video kutoka jikoni kwa mama mzazi, niwatafsirie tena, mimi nikiwa barazani kwangu Tanga na nywele zimekuwa nyeupe. Alikuwa ameandika maswali kwenye karatasi. Aliuliza kwa nini hakuja kumwona zaidi. Mama alijibu habari ya basi, na ya kuambiwa asimzoeshe, kama alivyonijibu zamani. Aliuliza kama aliwahi kujuta. Mama alisema kila Jumapili. Alipouliza kuhusu baba yake, mama alitikisa kichwa, akanigeukia mimi kwenye simu: hilo atamwambia mwenyewe, wao wawili, atakapoweza kulisikia bila mtu katikati.

Kijana amejiandikisha darasa la Kiromania. Hunitumia mazoezi yake nimsahihishie, na matamshi yake yananitia matumaini.