Safari ya Babu, Miguu ya Bibi

Ndugu zangu wa ukoo, popote mlipo,

Mjukuu wangu anayesoma Uingereza aliniletea maneno matatu aliyopewa shuleni, "plod", "trudge" na "wade", akitaka nimpe Kiswahili chake. Nimemaliza umri wangu ofisini nikinakili barua kwa lugha mbili, nikadhani kazi hiyo ni ya dakika tano.

"Plod" ni mwendo wa polepole, mzito, usiokatika. "Trudge" ni wa mtu aliyechoka, anayejikokota. "Wade" ni kutembea ndani ya maji au tope, mguu ukipingwa kila hatua. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilimaanisha kwenda tu. Baadaye likabaki na mwendo wa majini. Sikio langu la chuoni lilikimbilia "wadi" la Kiarabu, lakini maneno hayo mawili hayana nasaba. Mwenziwe kwa Kiarabu ni "khadha", ambalo hutumika pia kwa anayejitosa katika mazungumzo yasiyo na faida.

Nilipogeukia Kiswahili nikaona jambo. Safari, bahari, jahazi, msimu, kuwasili: yote asili yake ni Kiarabu. Ndiyo maneno tunayoyatumia tunapowasimulia watoto habari za mababu waliotoka Oman kwa upepo wa kaskazi. Lakini kujikokota, kujikongoja, kuchechemea, tope, maji kupwa na maji kujaa ni ya Kibantu. Hayo hayakushuka jahazini. Yalikuwapo ufukweni kabla ya nanga kutiwa.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa pwani ya mashariki ya Unguja. Maji yakipwa alikuwa akinichukua kutafuta pweza, na wakati wa kurudi maji yalikuwa yameshafika magotini. "Kokota mguu, mwanangu, usiunyanyue. Taa hulala mchangani." Samaki yule mwenye mwiba mkiani akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni, huchoma. Kwa hiyo mwendo ule mzito haukuwa wa uchovu, bali ulikuwa elimu, na bibi hakuwa na kitabu cha kuiandika isipokuwa miguu yangu.

Katika shajara ya nasaba tuliyoirithi, wanaume wameandikwa kizazi baada ya kizazi, kila mmoja na mji wake. Bibi huyo hamo, wala mamake.

Nimemjibu mjukuu kwamba "wade" kwetu ni kukokota miguu majini, nikamweleza na sababu yake. Shajara nayo naiandika upya kwa mkono wangu, na safari hii kina mama wamo. Nawaomba walio na mama au shangazi aliye hai wamuulize majina ya bibi zake, na wamuulize pia walikuwa wakiita nini kila namna ya mwendo. Vyote viwili viandikwe ukurasa mmoja.