Siku Mjomba Alipozima Mashine

Tuliondoka kijijini kwetu Kizimkazi Mkunguni mapema, kabla kaskazi haijashika kasi. Ilikuwa Januari 1999, nami nilikuwa na miaka 12. Mjomba alikuwa nahodha wa boti ya mbao iliyobeba wageni watatu. Mimi kazi yangu ilikuwa kufua maji kwa kopo.

Wageni walikuja kutazama pomboo. Kwa wazee wetu pomboo alikuwa chambo. Walimwinda, wakamkatakata, wakamtia ndoanani kumvulia papa. Papa akawa ng'onda, na ini lake likatoa sifa, mafuta ya kupaka vyombo. Uwindaji huo uliendelea mpaka miaka ya 1990, watalii walipoanza kuja na watu wakaona kwamba pomboo aliye hai analisha nyumba nyingi zaidi. Mwaka 1997 ghuba yetu, Ghuba ya Menai, kilomita za mraba 470 hivi, ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi.

Njiani kasa mmoja alitoa kichwa, akavuta pumzi, akazama. Mbele yetu membe walikuwa wakijitupa majini juu ya kundi la dagaa. Kisha tukaona mapezi, na boti nne zikiyafukuza. Kila pomboo walipoibuka, mashine zilinguruma na watu wakajirusha majini. Pomboo wakazama, wakaibukia mbali, na mbio zikaanza upya.

Mjomba akakata kona, akaenda pembeni, akazima mashine.

"Mjomba, mbona hatuwafuati?" nikamuuliza.

"Asubuhi hii wanapumzika, mwanangu. Wewe ungelala, watu wakikurukia kitandani?"

Baadaye nilisoma kwamba pomboo hulala kwa nusu ya ubongo, nusu nyingine ikibaki macho, kwa kuwa lazima akumbuke kupanda juu kuvuta pumzi. Mjomba hakusoma hayo popote. Aliyajua kwa kukaa nao.

Tulingoja mpaka mgeni mmoja akaanza kutazama saa. Kwanza tukasikia pumzi: pfuu, nyuma yetu, kisha pfuu nyingine, nyepesi. Alikuwa mama na mtoto wake, hatua tatu kutoka ubavuni mwa boti. Pezi la mama lilikuwa na pengo nyuma, kama kisu kilichomeguka. Mtoto alikuwa bado na mikunjo ya kuzaliwa ubavuni, akiogelea amemwegemea mama yake, wakiibuka pamoja na kuzama pamoja. Mama alijilaza upande, jicho lake likatutazama. Mvuke wa pumzi yake ukanipiga usoni, wa uvuguvugu, wenye shombo ya samaki.

Mjomba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, ingawa mashine alikuwa ameizima zamani.

"Nimewaua wengi nilipokuwa kijana," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa natazama pa kutia chusa tu. Jicho lake sikuwahi kuliona."

Hakusema zaidi, wala mimi sikuuliza.

Mjomba ametangulia mbele ya haki. Nimerudi Kizimkazi mara nyingi, na boti zimeongezeka. Najua kijana wa boti anatafuta riziki, na mgeni aliyelipa anataka kuona. Lakini pomboo anayefukuzwa kila asubuhi hapati usingizi, na mwenye mtoto hapati nafasi ya kumnyonyesha. Kijiji kilichoacha chusa kisije kikamuua kwa mashine.

Mara ya mwisho nilikwenda na binti yangu. Nilimwomba nahodha tukae mbali, azime. Alisita, kisha akazima. Binti yangu akalalamika kwamba haoni kitu.

"Usitazame bado," nikamwambia. "Sikiliza kwanza."

Akafumba macho. Maji yakawa yanapiga ubao, taratibu. Kisha akanishika mkono kwa nguvu, kabla hata mimi sijasikia.