Mkondo na Kizuizi

Moyo ni mtumishi wa mwili mzima, lakini mtumishi naye hana budi kula. Sehemu ya damu anayoisukuma humrudia katika mishipa midogo iliyomzunguka kama taji. Katika kuta za mishipa hiyo mafuta hujijenga haba na haba, na kibaba kikijaa njia husonga, pumzi huwa fupi, kifua hubana.

Watu wa Sola, katika Mkoa wa Simiyu, hawahitaji kufundishwa habari za mikondo. Mito mingi ya nchi yao hujaa wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi. Mfugaji ajua kuwa upana wa mto si kipimo cha maji yake: mto mpana waweza kuwa mchanga mtupu, na kijito chembamba chaweza kunywesha kundi zima. Hekima hiyo matabibu wa moyo walikawia kuipata. Kwa miaka mingi mahali palipoonekana pembamba katika picha palihesabiwa kuwa ndipo penye madhara, pakapanuliwa.

Katika miaka ya 1990 Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji waliuliza ni damu kiasi gani inayopita. Walipenyeza waya mwembamba mshipani, wakalinganisha shinikizo la damu kabla ya kizuizi na baada yake. Likisalia zaidi ya sehemu 80 katika 100, aghalabu dawa hutosha. Mwaka 2009 uchunguzi wa FAME, uliohusu wagonjwa 1,005, ulionyesha kuwa waliotibiwa kwa kipimo hicho walitiwa stenti chache zaidi, na mwaka ulipokwisha walikuwa wamepatwa na madhara machache kuliko wenzao waliotibiwa kwa kutazamwa picha tu.

Lakini waya huo hupita katika mkono au kinena hadi moyoni, nayo ni safari yenye hatari zake. Hapo CT skani huleta msaada. Hesabu za msingi wake zilitungwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Godfrey Hounsfield akaunda mashine iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza huko London mwaka 1971. Siku hizi mgonjwa hudungwa dawa ya rangi, huzuia pumzi kidogo, na mionzi humzunguka. Kompyuta huchora mishipa yake, kisha kwa kanuni za mwendo wa vimiminika hukadiria shinikizo ambalo waya ungelipima. Marekani iliidhinisha hesabu hiyo mwaka 2014.

Hata hivyo, moyo uendao mbio huitia picha ukungu, chokaa nyingi mishipani hupotosha, na dawa ya rangi yaweza kuzidhuru figo dhaifu. Hesabu ni shahidi. Hukumu ni ya tabibu.

Mtu wa Sola aelekezwapo Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, huenda akauza ng'ombe na kuacha pamba shambani. Kuupanua mshipa usiomdhuru ni kumtwika gharama na hatari bure. Kumrudisha nyumbani hali moyo wake una njaa ya damu ni kumwacha afe. Baina ya makosa hayo mawili pana kipimo, na kila kipimo kinachomwepusha nayo pasipo kumjeruhi kinastahili kutafutwa, kufundishwa na kusogezwa karibu na alipo.