Siku 16 za Kujieleza

Katika umoja wetu wa wanawake tuna kamati ya kutembelea wagonjwa, na baadhi yetu ni wauguzi. Tumezoea kupeleka uji, sabuni na maombi. Mwaka 2024 tulijikuta katika kazi tusiyoizoea: kumsaidia mwenzetu kuomba ruhusa ya kusikilizwa na Mahakama Kuu wakati muda wake ulikwisha kupita.

Mama huyu alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni. Saa tatu asubuhi aliitwa ofisini akaambiwa kilo 6 za sukari hazionekani. Saa nne akawekwa peke yake mbele ya kikao cha nidhamu. Jioni akakabidhiwa barua ya kuachishwa kazi. Kanuni za kazi za mwaka 2007 hapa Tanzania zinampa mfanyakazi saa zisizopungua 48 za kujiandaa, na haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake. Yeye alipata saa moja. Alipeleka malalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kama inavyotakiwa, lakini mwamuzi akasema aliachishwa kwa haki.

Wengi husema mtu akishindwa pale “anakata rufaa”. Jina lake hasa ni maombi ya mapitio, nayo hupelekwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya siku 42 tangu kupokea uamuzi wa Tume. Uamuzi huo wanasheria huuita tuzo, ingawa kwa aliyeshindwa si tuzo hata kidogo!

Siku ya 20 mwenzetu alilazwa, shinikizo la damu likiwa juu na ujauzito haujatimiza miezi. Mtoto akazaliwa na kilo 1 na gramu 400. Siku 31 walikaa wodini, kichanga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Mama wa mtoto wa namna hiyo huhesabu gramu, hahesabu tarehe. Siku ya 42 ikapita humo humo.

Aliporudi nyumbani mumewe alimwambia, “Mama watoto, tumwachie Mungu. Mtoto amepona, inatosha.” Hata katika umoja wetu wapo waliouliza kama ni vizuri Mkristo kurudi tena mahakamani. Sisi tulimkumbuka Paulo mbele ya Festo. Alikata rufaa kwa Kaisari, na hatujasikia mhubiri akimlaumu kwamba alikosa imani. Baba huyu, kwa kweli, aliogopa zaidi gharama. Alipoelezwa kwamba katika mashauri ya kazi anayeshindwa hatwishwi gharama za mwenzake, isipokuwa shauri likiwa la upuuzi au la usumbufu, alilegea, akaanza kumsindikiza mkewe.

Mahakama haiongezi muda kwa huruma tu. Katika shauri la Lyamuya Construction dhidi ya Wadhamini wa YWCA, ambalo hutajwa mara nyingi, Mahakama ya Rufani mwaka 2011 ilieleza mambo ya kuangaliwa: mwombaji aeleze muda wote aliochelewa, kuchelewa kusiwe kwa kupita kiasi, na aonyeshe kwamba hakuzembea. Mwenzetu alizidisha siku 16. Tisa kati yake zilikuwa za wodini, na hati ya kuruhusiwa kutoka hospitali ilizithibitisha. Zilizotutoa jasho ni zile 7 za nyumbani. Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa. Jumatatu alikwenda chama cha wafanyakazi, akaambiwa afisa amesafiri. Jumanne alimpeleka mtoto kupimwa uzito, kadi ya kliniki ina tarehe. Jumatano afisa akarudi, wakaandika. Alhamisi aliapa mbele ya kamishna wa viapo. Ijumaa maombi yakafunguliwa. Afisa naye alikula kiapo chake kuhusu ile safari, kwa kuwa maneno ya mtu mwingine hayatoshi kusimuliwa na mwombaji. Viapo viliandikwa kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2021 ndicho lugha ya mahakama zetu, na mama huyu aliposomewa chake alisahihisha mwenyewe mahali pawili.

Sisi wauguzi tunawaona akina mama wakifungia vitumbua kwa hati za hospitali. Tafadhali, zitunzeni pamoja na vyeti vya ubatizo.

Wakili wa shule alipinga. Alisema mgonjwa angeweza kumtuma mtu. Jaji aliuliza angemtuma nani, ikiwa mume alikuwa akilea watoto wengine watatu na kupeleka chakula hospitali kutwa mara mbili, kama kiapo kilivyoeleza. Wiki tatu baadaye maombi yalikubaliwa, akapewa siku 14 za kufungua mapitio. Alifungua siku ya tatu. Habari ya sukari yenyewe bado haijasikilizwa.