Ukuta wa Kusini

Wanaonijua hapa shuleni wanajua kwamba napenda msitari ulionyoka. Basi watashangaa kuona naandika habari za msitari uliopinda. Nasimulia mwenyewe, maana ni afadhali kuliko kusimuliwa.

Kanisa letu la zamani linavuja tangu siku nyingi. Katika muhula wa kwanza Bruda anayetufundisha uchoraji wa ufundi alitwambia kwamba kenchi zote zitaondolewa na kuwekwa mpya. Kabla ya kazi kuanza walikuja wapima-ardhi wawili na mashine ya leza, wakaisimamisha juu ya miguu mitatu mahali 11, ndani na nje. Mashine ile huzunguka huku ikitupa mwali wa nuru. Mwali ukigonga ukuta hurudi, nayo hujua umbali wake, ikaandika nukta moja. Kwa sekunde moja huandika nukta laki kadhaa, na kila nukta ina namba tatu za mahali pake na namba ya nne ya jinsi nuru ilivyorudi, kali au hafifu. Jioni wale mabwana wakamwachia Bruda faili moja yenye nukta milioni 140, wakaenda zao.

Faili hiyo nikapewa mimi, kwa kuwa ndimi kiranja wa chumba cha kompyuta. Siwezi kuficha kwamba nalitembea siku ile kama mtu aliyekabidhiwa funguo za benki.

Siku ya kwanza kompyuta ilishindwa kabisa, ikaganda. Siku ya pili nikapunguza nukta kwa CloudCompare, ambayo ni programu ya bure, hata ikabaki nukta moja kila sentimita 2. Kisha nikazitia katika FreeCAD, ile tunayochorea darasani. Nikatazama: kioo kitupu! Nikazungusha, nikasogeza, nikakuza, hakuna kitu. Kumbe wapima-ardhi wameandika nukta zao kwa namba za ramani, yaani kwa meta, na FreeCAD ilizihesabu kuwa milimita. Kanisa la meta 31 lilikuwa limekuwa kidude cha milimita 31, tena kimelala zaidi ya meta 200 kutoka sifuri ya mchoro. Nalikuwa nikitafuta punje ya mtama uwanjani.

Nikalileta karibu na sifuri, nikalikuza mara 1,000. Ndipo likatokea, na chumba kizima kikanyamaza. Lilikuwa kanisa letu, lakini limefanywa kwa vumbi. Uliweza kupita ukutani, ukatazama paa kwa ndani na kwa nje pamoja, ukaona hata waya wa taa. Mpishi wetu alikuwa amepita wakati wa kupima, naye alionekana karibu na mlango amekatwa vipande vitatu, sufuria mkononi. Tulicheka sana.

Bruda hakucheka. Alitwambia habari za Kasubi, penye makaburi ya Makabaka wa Buganda. Nyumba kubwa ya nyasi iliyojengwa mwaka 1882 ilipimwa kwa leza mwaka 2009, na tarehe 16 Machi 2010 ikateketea kwa moto. Nyumba imejengwa upya, na mwaka 2023 Unesco iliiondoa Kasubi katika orodha ya mahali palipo hatarini. Lakini ile ya zamani, jinsi ilivyokuwa kabla ya moto, imebaki katika nukta. "Nukta hazina adabu," alisema Bruda, "huandika zilichokiona." Sikuelewa wakati ule.

Kazi yangu ilikuwa kukata kanisa kama mkate, kutoa kipande chembamba cha sentimita 10, na kuchora juu yake ukuta wa kusini, ukuta wa kaskazini na nafasi iliyo kati yao, ili fundi apate urefu wa boriti. Nikachora. Nilipoinua msitari wa ukuta wa kusini, programu iliona umekaribia kusimama wima, ikaunyosha yenyewe. Chini msitari ulikaa juu ya nukta barabara; juu nukta zilikuwa zimetoka nje kidogo. Nililiona jambo hilo. Nikajiambia kwamba ni takataka za mwali tu, maana mchoro ulikuwa mzuri mno. Nafasi ikawa meta 8.40, nikaiandika kwa tarakimu nzuri. Bruda akaubandika mchoro ubaoni, na mwalimu mkuu akanipa mkono mbele ya darasa.

Fundi wetu ni mzee, nasi tunamwita Mzee Araali. Sisi Watoro huitana kwa jina la mpaako, na hata mkubwa humheshimu mdogo kwa jina hilo. Alitazama mchoro kitambo, akaniuliza, "Amooti, umepima chini au juu?"

Nikajibu, "Juu, Mzee."

Huo ulikuwa uwongo. Nalipima usawa wa madirisha.

Usiku ule sikulala. Asubuhi kabla ya misa nikafungua chumba, nikaondoa misitari yangu yote, nikabakiza nukta peke yake. Nikaiambia CloudCompare itie rangi kila nukta kwa kadiri ilivyo mbali na bapa la wima. Ukuta wa kaskazini ulikuwa kijani mtupu. Wa kusini ulianza kijani chini, ukawa manjano, na juu ukawa mwekundu kama pilipili. Ukuta wa meta 5.2 ulikuwa umelala nje sentimita 7.

Nilikimbia kwenye karakana. Boriti mbili zilikuwa zimekwisha katwa, za mbao zilizonunuliwa kwa michango ya wazazi. Nikamwambia Mzee Araali yote, na jibu langu la jana pia. Hakunipigia kelele, laiti angepiga. Alichukua timazi, tukapanda ngazi, akaiteremsha ukutani. Sentimita 7. Alisema boriti zile mbili zitafaa sakristia, kisha akanituma nikamwambie Bruda mwenyewe, peke yangu. Nilikwenda. Bruda aliung'oa mchoro ubaoni bila neno, akaniandikia barua ya kupeleka kwa mhandisi, ili ukuta utazamwe kabla ya kupandishwa kitu juu yake.

Jumamosi Mzee Araali alikuja chumba cha kompyuta, akavua kofia, akaomba kuuona ukuta wake. Nikaubadilisha uonekane kwa ile namba ya nne, ya nguvu ya nuru. Pale juu, upande wa mashariki, likatokea baka jeusi lenye kingo za mkono wa mtu, ambalo kwa macho halionekani chini ya chokaa. Mzee akalinyoshea kidole. Alisema ni lipu ya baba yake, aliyoipiga baada ya tetemeko la Machi 1966, naye mwenyewe alikuwa mtoto akibeba ndoo ya mchanga.

"Ulianguka sehemu hii," akasema. "Baba alisema umelala, wakamwambia apige lipu tu."

Akavuta kiti karibu na kioo. "Uzungushe tena, Amooti. Polepole."